Nevio Ghirardani, Bingwa Aliyepunguza Mwendo Boschina

Baba Paroko, jamaa na marafiki, wanachama wa chama cha boti, nanyi mliokuja kwa miguu kutoka darajani kwa sababu ya ukungu, familia inawaomba mketi, kwa kuwa historia hii ina sehemu ambayo haijawahi kusemwa mbele ya watu, na inasomwa leo kwa ruhusa ya Loredana Tosoni, aliyeketi hapa mbele pamoja na wafiwa.

Marehemu Nevio Ghirardani alizaliwa hapa Boschina tarehe 14 Novemba 1938, mtoto wa pili kati ya watatu wa Primo, mchimba mchanga wa Mto Po, na Ebe. Alianza shule ya msingi mwaka 1944, akakatizwa na vita kwa miezi mitano, kisha akasoma shule ya ufundi Cremona, alikohitimu Juni 1953. Mwaka uliofuata aliingia karakana ya Mzee Guerrino Tosoni, mtengeneza boti, akajifunza kazi bega kwa bega na Olmes, mwana pekee wa mzee huyo na rika lake, na kila mchana wawili hao walikula mezani kwa Mama Dirce, mama yake Olmes, aliyewakatia polenta, ugali wetu wa mahindi, kwa uzi na kuwaambia, "Kuleni, wehu wangu, mnazunguka kama nzi siku nzima."

Alishindana mara ya kwanza katika mbio za boti za injini Mei 1957, akawa bingwa wa Italia mwaka 1961 na 1963, na bingwa wa Ulaya 1964, na katika mbio hizo zote Olmes alichuchumaa ubavuni pake akihudumia injini.

Wazee mnakumbuka jinsi mbio ndefu za kushuka mto zilivyokuwa, kwamba mchanga ulihama kila baada ya mafuriko, hivyo chama kiliweka mtu kwenye kila kona, ameshika mti wenye shuka jeupe, naye alisimama upande ule wenye maji ya kina. Kwa ajili hiyo, Jumapili ya mbio hakuna mwanamke wa ukingoni aliyeanika nguo nyeupe, na paroko alilitangaza jambo hilo baada ya misa, pamoja na ndoa.

Jumapili tarehe 5 Juni 1966 injini yao ilikataa kuwaka, wakaondoka dakika arobaini nyuma ya wengine. Kwenye kona ya Boschina, Nevio alikata kushoto wakati maji ya mwaka ule yalikuwa kulia, boti ikapanda fungu la mchanga kwa kasi ya kilomita mia na kumi kwa saa, na Olmes akafa papo hapo, akiwa na miaka ishirini na minane, akiacha mke, Adua, na Loredana wa miezi minane.

Mbele ya kamati ya uchunguzi, Septemba mwaka huo, marehemu alitamka maneno machache tu, "Niliyasoma maji vibaya, kosa ni langu," akafungiwa miaka miwili. Ukuta wa karakana uliandikwa neno muuaji, na baani alikuwepo mtu, jina lake tunaliacha, aliyemuuliza kila alipoingia, "Nevio, leo unatupeleka wapi, mchangani?" watu wakacheka, naye akamaliza kahawa yake akatoka. Mama Dirce, aliyemlisha miaka kumi na miwili, alimgeuzia mgongo njiani, kanisani na hata sokoni.

Tarehe 27 Aprili 1968 alifunga ndoa na Marisa Lodigiani, wakajaliwa watoto wawili, Tiziana mwaka 1969 na Corrado mwaka 1973. Mashuka meupe ya harusi aliyatia rangi ya buluu kwa mkono wake mwenyewe, kwenye pipa la karakana, bila kueleza sababu, na nyumbani kwake halikutandikwa jeupe tena.

Alirudi majini 1969, akawa bingwa wa dunia 1974 na 1977, akashinda mbio za kushuka mto mara nne, lakini wenye saa waliandika kwamba kila mwaka, kwenye kona ya Boschina, alipunguza mwendo na kupoteza sekunde kumi au zaidi. Alistaafu 1981, na kuanzia mwaka uliofuata hadi 2016 ni yeye aliyesimama kona hiyo na mti wenye shuka.

Februari 2004 Mama Dirce, akiwa na miaka tisini na mmoja, alimtuma Loredana akamwite. Loredana alibaki mlangoni, na haya ndiyo aliyoyasikia.

"Lilikuwa langu lile shuka, Nevio. Nilihesabu boti tisa, mwenye mti akaenda zake, nikadhani mmekwisha kupita, nikalianika. Guerrino alikuwa kitandani, amepooza, amelowa, na mashuka yangu yalikuwa mawili tu. Sikukununia, mwanangu, nilishindwa kukutazama. Sema kwamba uliliona."

"Shuka gani, Mama Dirce? Sikuona shuka. Niliyasoma maji vibaya."

"Mwongo wewe. Tangu utotoni u mwongo."

Mama Dirce akamshika mkono. Mama huyo alifariki baada ya siku mbili. Marisa alipomuuliza mumewe wamezungumza nini, alijibu, "Polenta."

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2017, kwa vanishi ya miaka hamsini, akalazwa Cremona Desemba iliyopita. Tarehe 3 Januari alimwambia Marisa kwamba Olmes alilitambua shuka lile, kwamba alipiga kelele, "La mama hilo!" na kwamba yeye, kwa mngurumo wa injini, aliyaelewa maneno hayo akiwa amekwisha kukata kona, na ameyasikia kila siku tangu hapo. Alifariki tarehe 9 Januari 2019, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliokubali alalie mashuka ya buluu kutoka nyumbani, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake watakaombeba. Yule wa baani amekuja pia, ameshika shada, naye tunamshukuru.

Leo asubuhi Loredana ametundika shuka jeupe kwenye kamba ya bibi yake, la kwanza tangu 1966. Kwa ukungu huu halitakauka. Gari la maiti litapita pale polepole, kama alivyopita yeye siku zote.

Pumzika, Nevio, na Olmes akupokee kwa amani.