Resho Chini ya Vitanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Ninyi wa mbele nawasalimu, na ninyi wa nyuma munaoongea kama muko sokoni, asifiwe na kwenu. Mimi ni Koko Marta wa Lubunga, ngambo ya muto. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea maneno, chukueni maana, maneno muniachie.

Nimekuja kushuhudia namna Mungu alivyookoa kitukuu wangu. Lakini huyo mutoto siwezi kumueleza bila kueleza kwanza Furaha, mujukuu wangu.

Furaha na mudogo wake Riziki niliwalea mimi, kwa maana mama yao, binti yangu, alikufa wakiwa wadogo. Nilisonga lituma ya ndizi, nikauza, tukavuka muto kila asubuhi Furaha aende shule. Alipochagua kusoma mambo ya umeme, tonton yake, mujomba wake, akasema, "Mwanamuke wa kupanda nguzo, nani atamuoa?" Nikamujibu, "Wewe ulioa, na nyumba yako iko giza."

Leo Furaha ni ingénieur wa hospitali kubwa huku mujini. Watu wanafikiri hospitali ni madaktari na manesi tu. Daktari bila maji atanawa na nini? Furaha ndiye anaangalia maji, umeme, mabati, mashine ya kuchemsha vyombo vya kupasulia watu, mpaka vyoo. Akipita, walinzi wanasimama. Mimi nikiwa hapo nakohoa kidogo, wajue ni wangu.

Basi, shida ikaja. Wakati wa mvua, Riziki alizaa kwa miezi saba. Mutoto alikuwa mudogo, ngozi imekunjamana kama ya muzee. Wakamuweka ndani ya couveuse, lile sanduku la kioo lenye joto. Siku hizo umeme wa muji ulikuwa umekatika, hospitali ilikuwa inaishi kwa groupe yake, ile mashine ya kutoa umeme inayokunywa mazuti. Na kila siku saa sita ya muchana, groupe ilikohoa ikanyamaza. Sanduku likaanza kupoa. Nesi anamutoa mutoto, anamulaza kwa kifua cha Riziki, tunawafunika kitenge, tunangoja. Nilisali mpaka ulimi ukakauka. Daktari akatuambia wazi kwamba joto la kuja na kuondoka namna hiyo, mutoto hataliweza siku nyingi.

Furaha alijua sababu. Wale tunaowaita garde-malade, yaani jamaa wanaolala na mugonjwa na kumupikia, walikuwa na resho za umeme za kupikia chini ya vitanda. Saa sita wote wanachomeka pamoja, groupe inalemewa. Alibandika makaratasi ya kukataza kila ukuta. Wamama wakaanika vitenge juu yake. Na vyumba vile hangeweza kuvikatia umeme, kwa sababu mashine za kuwapa wagonjwa hewa ziko kwa mustari huo huo.

Nikamukuta ameketi kwenye ngazi, kichwa kwa magoti. Sijawahi kumuona hivyo.

"Koko, nimeandika, nimesema, wananificha resho zao."

"Makaratasi yako yanaongea na nani? Mimi mwenyewe nimeyapita. Inje mvua inazima makaa ya babula. Wagonjwa watakula nini, karatasi?"

Alinitazama, halafu akasimama. "Bon. Koko, mimi nitajenga. Wewe ongea na wamama."

Akachukua mabati ya depo ya zamani, yeye na wafanyakazi wake, wakasimamisha paa nyuma ya hospitali, ya kupikia chini yake.

Kesho yake asubuhi nikaingia vyumbani. Mahali mama anapoficha kitu chake mimi napajua. Nikainama kitanda kwa kitanda, nikawaeleza, wakatoa resho, wengine wakicheka. Mumoja tu aligoma. Mama Bora, mwanamuke wa mwili mukubwa, alikaa juu ya kitanda cha mume wake akafunga mikono.

"Koko, mujukuu wako anatutesa. Mume wangu akikosa uji wa moto, nani atalia?"

"Wewe utalia. Na mimi nitalia kwa kitukuu wangu. Kuja kwanza."

Nikamuvuta. Alinitukana njia nzima, kwamba niko na mikono ya polisi. Tukafika kwenye kioo.

"Iko wapi?"

"Ile pale."

"Ile ni mutoto? Nilizania ni kitambaa."

Kitambaa kikainua muguu. Mama Bora akasogea karibu na kioo. Halafu akauliza polepole, "Jina lake nani?"

"Hana. Mama yake anaogopa kumupa."

Akageuka akaondoka. Nilifikiri amekasirika. Nikamukuta kule chumbani anachomoa nyaya, zake na za wengine, anasema, "Toeni. Kuna mutoto kule."

Saa sita ikafika. Mvua ilipiga mabati mapya, wamama wanasukumana chini yake kwa babula, moshi na harufu ya majani ya pondu. Mimi na Riziki tulisimama kwenye kioo, tunasikiliza groupe. Ikanguruma. Ikaendelea kunguruma. Furaha akaja, mikono imejaa mafuta, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Mungu alikuwa ametusikia.

Kuna atakayesema, Koko, hiyo si muujiza, ni mabati na nyaya. Alors, kichwa cha Furaha nani alimupa? Moyo wa Mama Bora nani aliugeuza pale kwenye kioo? Nasema asante kwa huyo, nitasema mpaka nizikwe.

Mutoto alinenepa. Siku ya kutoka hospitali, Mama Bora alitusindikiza mpaka mutoni, pamoja na mume wake aliyekuwa amepona. Riziki, akiwa ndani ya mutumbwi, akamuuliza yule baba, "Papa, wewe unaitwa nani?"

"Zakaria."

"Basi na huyu."

Zakaria ndiye huyu anayekimbia katikati ya viti, munayemukaripia tangu ibada ianze. Muacheni akimbie. Na wewe dada, wewe kaka, ambaye leo unasimama mbele ya kioo chako, na kitu chako ni kidogo mpaka unaogopa kukiita, muamini Bwana. Kipe jina.