Attracta Gormley, Aliyeandalia Meza Serikali na Magaidi

Marehemu Attracta Gormley alizaliwa tarehe 3 Februari 1934 mjini Strabane, kaunti ya Tyrone, upande wa mpaka unaotawaliwa na London, mtoto wa kwanza wa mzee Eunan Devenney na mkewe Sadie. Akafuata Hugh, na mwisho Bridie, ambaye kwa bahati mbaya yenu ndiye anayewasomea wasifu huu.

Alisoma kwa masista hadi 1950. Alifaulu hesabu na ushonaji, akaadhibiwa kwa kuongea. Sista mkuu aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu angeongea hata na ukuta, na ukuta ungemjibu.

Tarehe 14 Juni 1958 aliolewa na Packie Gormley, fundi bomba wa Bundoran, ng'ambo ya mpaka. Packie alimposa, akakataa. Akamposa tena, akakataa. Mara ya tatu akamwambia, "Wewe Packie, nilidhani umechoka kuuliza!" Walijaliwa Dympna na Colm, wakafungua nyumba ya wageni yenye vyumba sita.

Novemba 1974, msimu wa wageni ukiwa umekwisha, padri aliwaomba chumba cha kulia kwa siku mbili. Akaja Bwana Pelham, mtu wa serikali kutoka London, na Donal Toner wa Derry, ambaye wenzake wenye bunduki, waliopigana kuuondoa utawala wa London, walikuwa wamemteka meneja wa kiwanda cha maziwa. Wakiwa mezani, redio ya jikoni ikamleta waziri: serikali haizungumzi na magaidi, wala haitazungumza nao kamwe. Bwana Pelham akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Samahani, mama, punguza hiyo redio. Hatusikilizani."

Siku ya pili akamwomba Toner amwachie meneja. Toner akasema hapana. Akaomba tena. Hapana. Pelham akasimama, akachukua koti lake. Attracta akamzuia mlangoni, birika mkononi.

"Unakwenda wapi wewe?"

"Amekataa mara mbili, mama."

"Kwani hujui kwetu huku? Hapana ya kwanza adabu, ya pili mazoea. Hata chai yangu aliikataa mara mbili, na sasa yuko kikombe cha nne! Rudi ukamuulize."

Akarudi, akauliza. Toner akajikuna shingo. "Haya basi, kama unasisitiza."

Jumapili meneja alikuwa kwake, anakula chakula cha mkewe.

Mdogo mtu, yaani mimi, hakucheka. Hugh wetu aliuawa Machi 1972, akijaribu viatu dukani, kwa bomu la watu wa Toner. Nilivuka mpaka, nikasimama jikoni kwa dada.

"Umewalisha kwenye sahani za mama!"

"Ningeongea na nani, Bridie? Na wale wasio na bunduki?"

"Watateka mwingine. Wameshaona njia."

Akazifuta sahani zile moja moja, akazirudisha kabatini. Na kweli, Februari waliteka mwingine. Nilikuwa nimesema kweli, na sikupata raha yoyote.

Nikaapa kwamba sizungumzi na mtu anayekaa na magaidi. Kwa miaka kumi na tisa Packie maskini ndiye aliyevuka mpaka na ujumbe. "Mwambie siji Krismasi." "Mwambie sijamwalika." "Mwambie keki yake ya mwaka jana ilikuwa ngumu." "Mwambie mbona aliimaliza." Packie alipofariki mwaka 1993, tulikutana kaburini, na dada akaninong'oneza, "Sasa tutamtuma nani?" Nikacheka mbele ya padri. Sijui nilimjibu nini, lakini tangu siku hiyo hatukunyamaza.

Alianza kuugua mapafu mwaka 2008. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2009, saa nne asubuhi, nikimsomea gazeti na yeye akinikosoa. Nimemkosa sana.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake. Ameacha pia karatasi ya wabeba jeneza, kwa mwandiko wake: mbele Colm na mjukuu mkubwa, katikati wajukuu wawili, nyuma Donal Toner, na pembeni yake mimi. Kama mjuavyo, wawili wa safu moja hushikana mabega chini ya jeneza. Siku tatu nimegombana na marehemu juu ya karatasi hii, na kwa mara ya kwanza hakunijibu.

Bwana Toner, nimekuona hapo karibu na mlango. Sijakusamehe. Ila njoo usimame hapa, na uiname kidogo, mimi ni mfupi.

Lala salama, dada. Tumekushika.