Mvinyo Mkongwe Katika Vikombe vya Birika

Benchi letu liko kati ya duka la kinyozi na cherehani yangu, limeegemea ukuta ambao mwenye nyumba amekataza watu kuuegemea. Ukikaa hapo jioni utapata kahawa, na utapata majibu ya maswali ambayo hukuuliza. Kahawa anauza Birika, mtu mpole, anayeamini kahawa yake inatibu kila kitu isipokuwa usingizi. Mwalimu alistaafu kufundisha lakini kusahihisha watu hajastaafu. Wembe, kinyozi wetu, akisikia mjadala umepamba moto humwacha mteja na nusu kichwa akaja kukaa. Mimi ni fundi cherehani, nashona huku nasikiliza, ndiyo maana suruali za mtaa huu mguu mmoja haumjui mwenzake. Jioni hiyo alikuja Trei, mhudumu wa hoteli ya pale juu, ambaye hata akiwa mikono mitupu hutembea kiganja kikiangalia juu. Safari hii alikumbatia chupa iliyofungwa kwa gazeti.

— Jamani, nisaidieni, alisema hata kabla ya salamu. Kesho mchana meneja anatusimamisha mbele ya wageni, mimi na mwenzangu mmoja. Kila mtu aeleze mvinyo huu una ladha gani. Atakayewaridhisha ndiye atakayehudumia mvinyo ukumbi wa juu. Mwingine anarudi jikoni kuosha sahani.

— Mwenzako anasemaje? aliuliza Wembe.

— Yeye kila kitu anasema kina harufu ya maua ya porini. Juzi kasema hivyo kuhusu supu.

— Na wageni wakafanyaje?

— Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akafumba macho.

— Basi umekwisha, alisema Wembe kwa huruma kubwa, akajisogeza karibu na chupa.

Trei alituonyesha vidole vyake. Vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya jikoni. Mkewe, alisema, ameshawaambia wazazi wake kwamba mume amepanda cheo, na mama mkwe anakuja Jumapili kumpongeza. Nilimwonea huruma kwa dhati, ila na mimi nilijisogeza.

Mwalimu alivaa miwani, akaichukua chupa na kusoma karatasi yake kwa sauti ya darasani.

— Mvinyo mweupe. Mizabibu mikongwe, ilipandwa zamani za mababu, kwenye mchanga. Haijapandikizwa.

— Maana yake? niliuliza.

— Mizabibu mingi ya siku hizi, fundi, hukatwa ikaungwa juu ya mizizi ya mzabibu mwingine, kwa sababu kuna mdudu anayekula mizizi. Hii imesimama kwa mizizi yake yenyewe. Mdudu hapendi mchanga.

— Kama mimi, alisema Wembe. Nimesimama kwa mizizi yangu.

— Wewe? nilimkatiza. Unalala chumba cha uani kwa baba mkwe wako, unakula kwake, hata mashine ya kunyolea alinunua yeye. Wewe ndiye mfano wa kupandikizwa. Mwalimu, ukifundisha tena somo hilo, huna haja ya kuchora picha.

— Tuonjeni, alisema Wembe haraka. Birika, vikombe.

Birika alikusanya vikombe tulivyokuwa tumenywea, akavizungusha ndooni kimoja kimoja kama afanyavyo kutwa nzima, akavipanga benchini. Trei akamimina kwa adabu zote, kitambaa begani, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kwa jinsi alivyoinama ungedhani tumekodi ukumbi.

— Wewe humimini chako? nilimuuliza.

— Mimi nitaonja mwisho, nikishajua natafuta nini. Ulimi wangu umezoea chai. Nyinyi ndio wenye maneno.

Hapo alisema kweli. Maneno tunayo.

Mwalimu alikiinua kikombe, akakichungulia.

— Tazameni rangi. Mweupe kwa jina tu, lakini huu una wekundu wa mbali, kama dhahabu iliyozeeka. Huo ndio umri. Kijana, shika hilo: dhahabu iliyozeeka.

— Dhahabu iliyozeeka, alirudia Trei, midomo ikimcheza.

Wembe alipiga funda, akasukutua kama anayetoka kung'olewa jino, akameza. Macho yakamtoka.

— Mchanga!

— Mchanga gani?

— Huu hapa, kwenye meno! Si imeandikwa ilipandwa mchangani? Mchanga wenyewe umo! Loh, hawa watu hawadanganyi. Umesafiri miaka yote hiyo mpaka kwenye jino langu.

Kila mmoja akachunguza meno yake kwa ulimi, na kweli, kila mmoja akakuta punje. Mimi nilikuta mbili nikajisikia nimependelewa.

— Andika kichwani, Trei, nilisema. Una mchanga wa shamba lenyewe. Halafu mimi napata iliki. Kwa mbali, lakini ipo.

— Iliki? Fundi, wewe rudi kwenye cherehani. Hiyo ni tangawizi, alisema Wembe.

— Zote zipo, alisema Mwalimu, na sababu iko wazi. Mkulima wa zamani hakuacha ardhi bure. Katikati ya mistari ya mizabibu alipanda viungo. Sasa mzabibu uliopandikizwa unakunywa kwa mdomo wa kuazima, hauwezi kutofautisha. Lakini huu unaokunywa kwa mizizi yake unakumbuka kila jirani aliyewahi kukaa naye.

— Na moshi je? Mimi nasikia moshi.

— Reli, alisema Mwalimu bila hata kufikiri. Treni za makaa zilipita kando ya shamba.

— Mara ngapi?

— Mara nyingi, Wembe. Ungeupataje moshi kama ingepita mara moja?

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia, tukaiacha. Trei alikuwa amefumba macho, anahesabu kwa vidole vilivyokunjamana: dhahabu, mchanga, iliki, tangawizi, treni. Uso ulikuwa umeanza kumng'aa. Alijiona yuko ukumbi wa juu tayari.

Birika naye alikuwa na lake. Alionja, akaonja tena, akakuna kichwa.

— Kuna uchungu humu naujua, alisema. Naujua kabisa. Nimeishi nao. Jina tu ndilo limenitoka.

— Uchungu wa uzee, alisema Mwalimu.

— Hapana, huu nimeuzoea. Naamka nao, nalala nao.

— Basi ni wa ndoa, alisema Wembe, akamnyang'anya Trei chupa ili ahakikishe ule moshi ni wa treni ya abiria au ya mizigo. Mwalimu naye akadai cha kulinganishia. Mimi, kwa ajili ya iliki, sikukubali kuachwa nyuma. Kila funda lilizaa mkulima mpya. Mwisho tulikuwa na mkulima mjane, aliyekataa kuipandikiza mizabibu yake kwa sababu marehemu mkewe aliipanda kwa mikono yake, na machozi yake ndiyo yaliyoleta chumvi. Chumvi aliipata Wembe, ambaye alikuwa anatokwa jasho mpaka mdomoni.

Mama Birika alitukuta hapo. Huja kila jioni na beseni kuchukua vikombe, kwa maana mumewe huvizungusha tu ndooni, na kuosha kwa sabuni ni kazi ya nyumbani. Alisimama, akatutazama tulivyofumba macho.

— Mna msiba?

— Tunaonja mvinyo, mama, alisema Trei kwa fahari. Una dhahabu iliyozeeka, mchanga wa shamba, iliki, tangawizi na moshi wa treni.

Mama Birika akachukua kikombe cha Mwalimu, akakiinamisha kwenye mwanga, akakinusa.

— Na hivi vikombe nani aliviosha?

Mwalimu alivua miwani. Wembe aliikumbuka ghafla nusu ya kichwa cha mteja aliyemwacha kitini lakini hakuinuka. Sote tuligeuka tukaiangalia ile ndoo. Maji yake yalikuwa na rangi ya dhahabu iliyozeeka, na punje zimetuama chini kama mchanga.

— Kahawa! alisema Birika, kwa furaha ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. Ndiyo hiyo! Nilijua naujua!

Trei aliiinua chupa. Lilikuwa limebaki funda moja, kama si nusu. Alikaa benchini taratibu, kiganja kikiangalia chini, na kwa mara ya kwanza nikamwona bila trei yake. Nilitamani ardhi inifiche. Tulikuwa tumeinywa kazi ya mtu huku tunasifia tangawizi ya Birika.

Mama Birika hakutusema. Alitwaa kikombe kimoja, akaingia kwa kinyozi penye bomba, akakisugua kwa sabuni, akakisuuza mpaka kikalia, akakikausha na kumkabidhi Trei.

— Kunywa wewe.

Alimimina lile lililobaki. Lilikuwa jeupe, karibu kama maji. Akanywa, akakaa nalo mdomoni. Hakufumba macho. Kwanza uso ulikunjamana, halafu ukatulia, halafu akacheka peke yake, kicheko kidogo cha mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.

— Enhe? alisema Wembe.

— Enhe? alisema Mwalimu, aliyefundisha watoto miaka yote hiyo wasiseme enhe.

Trei alisimama, akalikunja lile gazeti, akaiweka chupa tupu kwapani.

— Kesho nina la kusema, alisema.

— Lipi? Tuambie na sisi!

— Mama, ahsante, alisema Trei. Akaondoka, kiganja kikiangalia juu.

Tulimtazama mpaka akapinda kona. Mama Birika alianza kutupa vikombe kwenye beseni, kimoja kimoja.

— Kwani, aliuliza, huo mvinyo ulikuwa mtamu?

Mwalimu alimtazama Wembe, Wembe akanitazama mimi, na mimi nikamtazama Birika, ambaye aliinua birika lake akalitikisa. Hata kahawa ilikuwa imekwisha.