Herufi za Ukutani

Ndani ya basi dogo la Kosta kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu alijitambulisha kwa jirani yake: Joakim, msomaji wa masomo kanisani. Jirani, Mama Rukaiya mwenye duka la vitenge, alimuuliza kuhusu bahasha ya hospitali aliyoipakata.

"Nilikariri zile herufi za ukutani za kupimia macho, mama, kwa kuwasikiliza wenzangu kwenye foleni. Nikazitaja zote."

"Ukafaulu?"

"Wakapiga picha ya nyuma ya jicho. Ikaonyesha maji." Akainamisha kichwa. "Daktari akasema jicho langu linazeeka vibaya, litataka sindano kila mwezi. Wengine picha zao zinawaruhusu kukaa miezi mitatu kabla ya sindano nyingine. Kisha akaniuliza, mbele ya watu, herufi nilizisomaje. Nikaondoka bila sindano."

Nilijifanya naangalia mibuni dirishani. Mibuni ile naijua tangu nizaliwe.

"Na kanisani unasomaje?"

"Mke wangu ananisomea Jumamosi. Jumapili nafungua kitabu na kutaja nilichokariri. Katikati ya ukurasa pana doa tu. Hata wewe, mama, naona ushungi, uso siuoni."

"Basi rudi kesho, baba. Muombe daktari radhi, uchomwe kabla doa halijala jicho zima."

Kosta ikasimama. Mzee alishuka akiipapasa ngazi kwa mguu, bahasha kwapani.

"Miaka thelathini nimesimama mbele ya watu," alisema, akiwa ameelekea upande wa dereva badala ya kumwelekea mama. "Simuombi mtu radhi."