Ba Lackson Kabaso, Fundi Asiyeamini Wati za Kwenye Boksi

Mwisho wa mwezi huu Ba Lackson Kabaso, kama tunavyomwita kwa heshima, anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita katika ushirika wetu wa mafundi wa umeme wa magari, hapa Kashikishi, wilayani Nchelenge, kando ya ziwa. Anayeandika ni Agnès Ngoy, aliyefanya naye kazi meza moja.

Alianza kwa kutengeneza taa za malori ya samaki. Redio za magari zilipoanza kupewa amplifaya na spika kubwa, yeye ndiye aliyejifunza kwanza, na tangu hapo hakuna muziki uliopigwa kwenye gari la Nchelenge ambao hakuutilia shaka.

Boksi likiandikwa wati elfu moja kwa rangi ya dhahabu, Ba Lackson alilicheka. Alitaka kujua nguvu ambayo spika inaweza kuibeba muda wote, si ile ya kishindo cha mara moja. Alipima omu, yaani ukinzani wa umeme, za kila spika, kwa sababu spika mbili za omu nne zikiunganishwa sambamba huwa mzigo wa omu mbili, na amplifaya isiyoweza mzigo huo huchemka. Fyuzi aliiweka karibu na betri, kisha akarudi kuhakikisha hakuna aliyeihamisha.

Watu nao aliwapima hivyohivyo. Nilipofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala, kila waya niliouchomelea aliukagua nyuma yangu. Mkewe, Mama Ireen, aliniambia nisijali, kwani hata chumvi ya nyumbani huionja kabla ya kuamini ni chumvi.

Jambo linalofuata amesisitiza mwenyewe liandikwe.

Obvious, dereva wa basi dogo la kwenda Chienge, aliletewa spika nzuri na kaka yake. Kila moja ilibeba wati themanini. Ba Lackson alimfungia amplifaya ya wati sitini kwa kila spika, akiwa na uhakika kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuua spika kubwa. Mimi nilimsaidia kupitisha nyaya. Haikupita muda, Obvious akarudi na spika zilizokufa.

“Spika zangu mulibadirisha,” alisema mbele ya wateja. “Hizi si zangu. Muulize huyu mwanamuke wa Mantapala.”

Nilimtazama Ba Lackson nikingoja anitetee. Hakunitetea. Kwa hesabu yake spika zile zisingeweza kuungua, kwa hiyo zilikuwa zimebadilishwa, na mtu mwingine aliyezishika alikuwa mimi. Jioni ile aliniomba nifungue mkoba wangu kabla ya kutoka. Ndani mlikuwa na kitenge na dawa ya mama yangu. Niliufunga, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Siku zilizofuata tulifanya kazi kama watu wasiojuana. Wenzetu walianza kufungia bisibisi zao kabatini. Nilijua neno lile likifika kambini na sokoni, hakuna atakayenipa kazi tena ufukwe huu wote.

Ndipo nilipomwambia, “Ba Lackson, tuipasue spika moja. Obvious akiwa hapa, na wote waone.”

Alimwita Obvious, akachukua wembe. Pale nyaya zinapoungana na spika tulikuta risasi yake mwenyewe ya kuchomelea, iliyopakwa rangi nyekundu ya kucha ya Mama Ireen, alama anayoiweka yeye peke yake. Spika zilikuwa zilezile. Koili, waya uliozungushwa ndani ya spika, ilikuwa nyeusi kama mkaa.

Nikaenda kwenye basi. Skrubu ya geini, ile inayoongeza nguvu ya amplifaya, ilikuwa imezungushwa hadi mwisho.

“Abiria ba nyuma habasikii,” Obvious alikiri polepole. “Njia ya Chienge iko na upepo.”

Niliweka mlio wa majaribio, nikaunganisha mita. Amplifaya iliyokamuliwa hivyo hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti hukwaruza, na amplifaya ya wati sitini inaweza kusukuma karibu mara mbili yake. Koili ya spika ya wati themanini inaungua. Ba Lackson alirudia kipimo kwa mkono wake, mara kadhaa, akitafuta kosa langu. Hakulipata.

Kwa kawaida Kiswahili alikitumia kwa wateja tu; mambo ya moyo aliyasema kwa Kibemba. Siku ile alisimama mbele ya Obvious na mafundi wote, akasema kwa Kiswahili ili nisikose hata neno moja: “Agnès, nilikosa. Hakuna kitu ulibadirisha. Nilikufungulisha mukoba bure. Unisamehe.”

Nilimjibu asubuhi iliyofuata, kwa kumsalimu.

Tangu hapo kila amplifaya hapa huchaguliwa kulingana na nguvu ya kudumu ya spika na omu zake, geini huwekwa kwa mita, na mteja huonyeshwa mwisho wa kuongeza sauti ni wapi. Mafundi wote wamejifunza hayo kwa Ba Lackson, naye huwaambia alijifunza kwa nani.

Ba Lackson, asante kwa mikono yako na kwa neno lile ulilolisema watu wakisikia. Nenda kwa Mama Ireen, upumzike, uwe na afya na miaka mingi ya amani. Mkoba wangu uko wazi mezani, na ndani yake kuna zawadi yako. Kaichukue mwenyewe.