Mzee Zima Taa, Mpimaji wa Fuwele

Wasifu huu nimeuandika mimi mkewe kwa mkono wangu, anausoma binti yetu mkubwa. Wa ofisini walileta wa kwao, umepigwa chapa vizuri. Nimewashukuru, nimeuweka kabatini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika chumba cha nyuma ya duka. Alisoma shule ya mtaani kwao, akaendelea hadi chuo kikuu, akatoka na shahada ya fizikia mwaka 1974.

Mwaka huohuo aliajiriwa maabara. Kazi yake ilikuwa kupima fuwele, vile vijiwe viangavu kama kioo, moja moja: mwanga ukiingia unapinda kiasi gani, unagawanyika vipi, na fuwele ikipashwa moto inabadilika au haibadiliki. Zilizofaa zilikwenda kutengenezewa mitambo ya kupeleka habari kwa mwanga. Alipimia gizani, ndiyo maana wenzake walimwita Zima Taa. Hata nyumbani alizima, sisi tunakula.

Alifunga ndoa mwaka 1977, na mimi. Wakati wa uchumba alinikuta najifunza kuandika jina langu. Akatoa fuwele ya kazini mfukoni, akaiweka juu ya karatasi, jina likawa mawili. Nikamwambia, "Unanicheka? Mimi nimeandika moja!" Nikashika kifutio nilifute lile la pili, yakafutika yote. Alicheka hadi akakaa chini. Tangu hapo akaniita Pacha, na wapo majirani hapa bado wanauliza hao pacha wangu wako wapi. Hawapo. Ni mimi.

Alistaafu mwaka 2009, akaja nyumbani na fuwele ileile mfukoni. Alisema amesahau. Ni ya kuhakikishia kwanza kama mashine inapima sawasawa, na ofisi wameidai mpaka wamechoka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka juzi. Tulikwenda hospitali, tukarudi, tukaenda tena. Alichoka yeye, nikachoka mimi. Wiki ya mwisho aliniambia, "Pacha, warudishie watu kitu chao."

"Ukipona utaipeleka mwenyewe."

"Na nisipopona?"

"Usinisumbue. Lala."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ulinioa nacho."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada yake, huyo aliyekaa mbele. Mkubwa wa ofisi naye nimemwona, ndiyo nimeongeza mstari huu kabla binti hajaanza kusoma: safu ya pili, anautazama mkoba wangu. Ndiyo, fuwele imo. Nilisema akipona ataipeleka. Hakupona.

Jana niliiweka juu ya jina lake nilipomaliza kuliandika hapa. Yakawa mawili. Safari hii sikugusa kifutio.

Lala, Mzee. Taa nimezima mimi.