Maoni Ambayo Mama Pulchérie Hakuyafuta

Mama Pulchérie alizaliwa Lubondja, upande wa Fizi, tarehe 9 mwezi wa tatu 1971, mtoto wa baba Nicolas na mama Anastasie, wakulima wa muhogo.

Alisoma shule ya msingi kulekule, kisha miaka minne ya pédagogie, masomo ya ualimu, Baraka. Tangu 1993 alifundisha Mboko. Kazi mbaya ya mwanafunzi hakuichana, aliirudisha: "Andika tena, baba. Hii uliandika na hasira."

Alifunga ndoa na baba Henri, seremala, tarehe 5 mwezi wa nane 1995. Vita ilipofika mwaka uliofuata, alikuwa na mimba ya Divine. Baba Henri akaleta mtumbwi, akasema ameuazima. Wakavuka ziwa mpaka Kigoma, Divine akazaliwa huko. Waliporudi, 2006, wakakaa Baraka.

Mwaka wa 2014 alianzisha blogi kwenye simu yake, juu ya namna waliokoseana vitani wanaweza kukaa pamoja, mkosaji akubali, kilichoharibika kitengenezwe. Maoni ya wasomaji aliyasoma yote kabla hayajatoka. Matusi aliyarudisha: "Andika vile utasema mbele ya mama yake." Na mtu akishtakiwa, alisomewa yeye kwanza.

Mwaka wa 2017, bunduki zikilia tena Fizi, yakaja maoni ya mtu wa Mboko aitwaye Waziri: "Bwana yako Henri alichukua mutumbwi ya baba yangu. Baba akabaki ku ufuko, bakamuua." Mama akamsomea mumewe mezani.

"Futa iyo kitu, mama Divine. Batanichoma na nyumba."

"Nikifuta yako, ya bengine nitaachilia na uso gani?"

Hakuyafuta. Wala hakuyachapisha, alimngoja mumewe akubali.

Mwezi wa sita 2018 figo zikamlaza. Baba Henri ndiye aliyemwogesha, aliyemnywesha uji. Siku moja, kikombe mkononi, akasema, "Ni kweli. Achilia." Divine akashika simu, akayachapisha.

Waziri alipoyaona akaja mpaka nyumbani. Sisi wa nyumbani tuliogopa. Akavua viatu, akaketi. "Mi sikuje kupigana. Nilitaka tu aseme."

Mama alifariki Jumapili, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2018, nyumbani Baraka. Ameacha mume, mama yake Anastasie, watoto wawili, Divine na Roger, na wajukuu. Ameacha pia mtumbwi ambao baba Henri anaujenga Mboko, Waziri akimshikia mbao.

Maoni ya Waziri yako wazi kwenye blogi. Chini yake baba Henri amejibu: "Ni mimi niliuchukua." Na chini ya hapo, neno la mwisho ambalo mama alimwandikisha Divine: "Na mimi nilikaa ndani yake."

Mungu ampokee, ampumzishe.